Nyumba ya Migwani Iliyotazamwa na Watu Wote

Shida yangu ilianza mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, nikiwa na miaka sabini na mbili. Watu wakisikia hivyo hunishangaa. Huniuliza, na ile njaa ya utotoni? Na kulala juu ya magunia pale Kyuso, na kusukuma mkokoteni bila viatu, hiyo haikuwa shida? Nawaambia hapana, hiyo ilikuwa kazi. Kijana akilala njaa, kesho ataamka atafute. Shida ninayoandika hapa ilinikuta nimeshamaliza kujenga, nimeketi kwa veranda yangu nikidhani nimeshinda.

Shule niliacha darasa la tatu. Kusoma nilijisukuma mwenyewe kwa Biblia, na hesabu nilifundishwa na mizani ya sokoni. Kwa hivyo anayetafuta maneno ya kupambwa atafute kwingine. Mimi nitasema jinsi ilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa uwanjani akipepeta ndengu. Niliona ungo unaenda upande, nikafikiri ni upepo. Kisha nikamwona yeye mwenyewe anaenda upande. Hospitali ya Kitui walisema ni kiharusi. Walikaa naye, wakafanya waliyoweza, wakanirudishia akiwa kwa kiti cha magurudumu, mkono wa kulia na mguu wa kulia vimekufa, mdomo umevutwa kidogo. Akili ilikuwa yake yote. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu aliona kila kitu.

Nilijaribu kumtunza mwenyewe. Nilimwinua asubuhi ya kwanza, mgongo wangu ukakataa, tukaanguka wote wawili kitandani kama watu walevi. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nikaajiri msichana. Mke wangu akakataa kuoshwa na mtoto wa watu. Alikuwa akifunga macho wakati wa kuoshwa, amekaza meno, na msichana akafikiri anachukiwa, akaenda. Nikaajiri mwingine, naye akaenda. Ndipo binti yetu akaja na gari la kukodi.

Huyo binti ndiye mtoto wa pekee aliyetubakia. Ameolewa Kasikeu, kule Makueni, na ana duka la kushona sare za shule. Karibu na duka lake kuna zahanati yenye mama mmoja anayejua kunyoosha viungo vya watu waliopigwa na kiharusi. Alisimama mlangoni akaniambia, "Baba, nampeleka. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini mlango ufungue kwa upana wote, kiti kipite."

Nikafungua.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi hawalijui, na wageni hawalijui kabisa. Kwetu Ukambani kuna kitu tunaita nthoni. Ni ile heshima kati ya mama mkwe na mume wa binti yake. Zamani wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake. Sisi tumeokoka, tuko kanisani kila Jumapili, na pasta anasema hayo mambo yameisha. Sawa, yameisha kwa mdomo wa pasta. Kwa mwili wa mke wangu hayakuwa yameisha. Mwili wake ulikuwa umefundishwa na mama yake, na mama yake na nyanya yake.

Mkwe wangu ni mtu mzuri. Naandika hivi asije akafikiri namlaumu. Alimpa mama chumba cha nyuma. Alianza kuingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa jikoni, na kabla ya kuingia anakohoa huko nje karibu na tangi ili asikike. Alikula chakula chake cha jioni dukani kwa mkewe, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kama fundi wa kuajiriwa. Ni nyumba yake, na yeye ndiye alikuwa mgeni.

Na mke wangu akaacha kunywa maji.

Nililigundua hilo Jumapili moja nilipoenda kumwona. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi ya mkono nikiivuta haikurudi haraka. Nikamwuliza binti, mbona hivi? Akanitoa nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, choo kiko upande ule wa sebule. Kumpeleka lazima nimpitishe mbele ya mume wangu. Kwa hivyo hataki kwenda. Na ili asiende, hanywi. Nimemnunulia ndoo ya chumbani, akaisukuma na ule mguu mzima. Anasema mkwe atasikia." Yule mama wa zahanati alikuwa ameshamwonya kwamba figo zitaharibika. Mke wangu alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kutokunywa.

Hapo ndipo nilipoamua kuuza nyumba ya Migwani. Niliona njia moja tu. Niuze, ninunue kiploti Kasikeu karibu na binti lakini si kwa boma la mkwe, nijenge vyumba viwili na choo cha karibu, mama alale chini ya bati lake mwenyewe. Binti angekuja asubuhi na jioni. Na ilitakiwa iwe upesi, kwa sababu figo hazingojei mtu apate bei nzuri.

Nyumba yenyewe haikuwa ya aibu. Niliijenga kwa ndengu. Nilinunua kwa wakulima kule Kyuso, nikapeleka Kitui na Machakos, na kila msimu mzuri ulikuwa ukuta mmoja. Msimu mbaya tulikaa tukiutazama ukuta wa msimu uliopita. Ni ya mawe ya kuchongwa, bati jekundu, vyumba vitano na veranda ya mbele ambapo mtu anaona barabara yote. Hakuna mtu wa Migwani asiyeijua. Nilipomwita broka, mtu mzima mwenye koti na simu mbili, alizunguka nje mara moja tu akasema, "Mzee, hii itaenda kabla rangi ya kibao cha kuuza haijakauka."

Rangi ikakauka. Kibao chenyewe kikaanza kupinda kwa jua.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja! Wangekosa kuja ningeelewa. Walikuja kwa pikipiki, kwa gari, kwa miguu, wengine wakiwa wamevaa kama wanaenda harusi. Wa kwanza walikuwa mwalimu na mke wake kutoka Mwingi. Mwalimu aligonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua. Mke wake akafungua kabati za jikoni, akatoa kichwa nje ya dirisha, akasema, "Hapa ningeweka sukuma wiki." Mtu akishaanza kupanda sukuma kwako kwa akili, si amenunua? Nikawapikia chai mwenyewe. Yule mwanamke akapokea kikombe kwa mikono miwili, akaangalia huku na huku.

"Na mama yuko wapi, tumsalimie?"

"Amesafiri," nikasema.

"Oh. Amesafiri."

"Eeh."

Wakaangaliana. Wakamaliza chai. "Mzee, nyumba ni nzuri kabisa. Tutaongea." Nikakaa na simu mfukoni siku nyingi, hata nikiingia chooni. Hawakuongea.

Kwa nini nilisema amesafiri? Wewe ungesema nini? Ungemwambia mtu usiyemjua kwamba mke wako, mama mzima aliyepokea mbuzi za mahari, analala kwa nyumba ya mkwe? Mimi nimekuwa mzee wa kanisa. Nimeamua kesi za watu. Nimekaa na wazee wengine tukizungumza mambo ya heshima ya boma. Singeweza kufungua mdomo huu niseme hivyo. Hata majirani hawakujua. Binti alimchukua alfajiri, na walioona gari walifikiri ni hospitali. Baadaye walipouliza, niliwaambia amesafiri, na neno likazoea kukaa hapo.

Baada ya mwalimu akaja mtu aliyetumwa na ndugu yake wa Nairobi. Yeye alitembea nyumba yote ameinua simu juu, ndugu yake akitazama kutoka huko. Sauti ilitoka kwa simu: "Zungusha hapo kwa paa. Rudi. Mzee, habari! Umejenga, mzee! Hii ni jiwe ya wapi?" Nikamwambia ni jiwe ya wapi. Akauliza hati iko, nikasema iko, jina ni langu, hakuna benki, hakuna kesi. Akafurahi. Kisha: "Na mama ako aje?"

"Mzima. Amesafiri."

"Sawa mzee. Wacha tujipange."

Nikamwambia broka nadhani ni rangi. Tukapaka rangi upya, ukuta wa nje rangi ya maziwa na chini kahawia. Hawakununua. Broka akasema ni bei. Nikashusha bei, na sitaiandika hapa kwa sababu bado inaniuma. Baada ya kushusha, watu wakaongezeka, chai ikaongezeka, na hakuna aliyesema hata neno la kuanzia. Hilo ndilo lilininyima usingizi. Mimi ni mtu wa biashara. Najua mtu akitaka kitu anakitukana. Anasema ndengu yako ina mawe, ina wadudu, ni ya mwaka jana, halafu anatoa pesa. Hawa hawakutukana chochote. Walisifu wakaenda. Mtu anayesifu mali yako bila kupunguza bei, huyo hana haja nayo.

Akaja pasta mmoja wa kanisa la huko chini, akitaka mahali pa kuishi na familia. Nikafikiri huyu ni mtu wa Mungu, atasema wazi. Tulizunguka, akapenda. Mwisho akasema tuombe. Akaomba pale sebuleni kwa nguvu, ameweka mkono ukutani, akaombea msingi, akaombea paa, kisha akasema, "Na Baba, umkumbuke mama wa boma hili, popote pale alipo."

Popote pale alipo! Nilifungua macho katikati ya maombi. Yeye pia alikuwa amefungua lake moja, ananitazama. Tukafunga haraka wote wawili. Akasema amina, akaenda, na kibao kikabaki.

Wakati huo nilikuwa naenda Kasikeu kila Jumapili baada ya ibada. Nakaa na mke wangu kwa chumba cha nyuma, nazungumza habari za mvua. Sikumwambia nauza nyumba. Nilipanga nimwambie nikishapata mtu, nije na habari iliyokamilika. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Nilinunua shamba nikamwonyesha mipaka. Nilinunua pikapu nikaipigia honi langoni. Hakuwahi kulalamika, au labda alilalamika na mimi nilikuwa naendesha. Alikuwa amekonda. Binti alikuwa akimpa maji kwa kijiko, akisema ni dawa.

Mtu aliyefungua jambo hili ni mwanamke wa Kyuso mwenye kinu cha kusaga unga. Zamani alikuwa mnunuzi wa ndengu kama mimi, na tulinyang'anyana magunia miaka mingi. Ameniita mwizi mbele ya watu, nami nimemwita mbaya zaidi. Alikuwa anatafuta nyumba Migwani ili afungue kinu cha pili. Alishuka kwa pikapu yake bila broka, akapita vyumba vyote kwa haraka, hakugonga ukuta hata mmoja, akakataa chai, akaketi kwa veranda kwenye kiti changu.

"Nyumba nimeiona," akasema. "Sasa nionyeshe mama."

"Mama amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

"Safari."

"Mzee, safari si mahali. Nimekuuliza wapi."

Nikakasirika. "Wewe umekuja kununua nyumba ama kununua mke wangu?"

"Mke wako ningekuwa na pesa ningemnunua, ni mtu wa maana kukushinda. Unajua watu wanasema nini huko sokoni?"

"Sijui na sitaki kujua."

"Basi nitakwambia. Wako wanaosema ulimfukuza. Wako wanaosema alitoka mwenyewe akilia, akaishika nguzo ya veranda hii, akasema atakayeilipia hataona amani ndani yake. Na wako wanaosema," hapo akainama mbele, "kwamba ulimzika hapa nyuma ya tangi lako la maji."

"Nani huyo amesema?"

"Kila mtu. Hata yule fundi wako wa rangi. Alisema ulimkataza kusimama huko nyuma ya tangi."

"Kuna nyuki huko!"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Akapangusa macho, kisha uso wake ukabadilika. "Mzee, wewe umeuza vitu maisha yako yote. Unajua kwetu hakuna mtu atanunua boma kabla hajamsikia mama wa boma akisema kwa mdomo wake amekubali. Nani anataka kulala ndani ya machozi ya mama wa watu? Hata wakili atataka sahihi yake. Wote hao waliokuja hapa, unafikiri walikuja kuona mawe? Walikuwa wanamtafuta yeye. Wewe ukasema amesafiri, na kiti chake kwa jikoni kina vumbi. Ni nani atakuuliza mara ya pili? Wewe ni mzee, wanakuheshimu. Mimi sikuheshimu, ndio maana nakuuliza."

Nilijua desturi hiyo. Sitajifanya sikuijua. Mimi mwenyewe nimewahi kukataa shamba kule Kyuso kwa sababu mama wa lile boma alikuwa amekaa mbali, amegeuza mgongo. Lakini kwangu mimi sikuiona. Nilikuwa nimekaa upande ule mwingine wa jambo.

Nikaangalia barabara. Nikamwambia, "Yuko kwa mkwe."

"Kwa mkwe amekwenda kutembea?"

"Analala huko."

Aliweka mkono mdomoni. Akaniuliza polepole, "Tangu apate ugonjwa?"

"Inaenda mwaka."

"Uui, mwaitu, mama yangu," akasema, na hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa akimwambia mke wangu, ambaye hakuwapo. Kisha akasimama. "Vaa koti. Twende."

Tukapita Kitui, tukapita Machakos, tukatokea barabara ya Mombasa na kuingia Kasikeu jua likiwa bado juu. Mahali fulani aliniuliza, "Unamlisha nini?" nikasema binti anamlisha, akasema, "Sikuuliza binti."

Mkwe hakuwapo. Binti alitufungulia, akashangaa kumwona mgeni, akaleta kiti. Mke wangu alikuwa kitandani ameegemea ukuta, leso mabegani. Yule mwanamke alimshika mkono ule mzima, akamsalimia kama watu wa rika moja, wakaulizana habari za mvua ya Kyuso na za nani amekufa. Kisha akasema, "Mama, mimi nimekuja kwa ajili ya nyumba. Nataka nisikie kwako."

"Nyumba gani?" Mke wangu huongea polepole tangu mdomo uvutwe.

"Ile ya Migwani."

"Imefanya nini?"

Mwanamke wa kinu akanigeukia. Binti akaangalia chini, kwa sababu yeye alijua, alikuwa akiningoja mimi. Mgeni akasimama, akasema, "Nitakuwa kwa gari," na binti akamfuata nje, akafunga mlango. Tukabaki wawili.

"Unauza nyumba yangu," mke wangu akasema.

Nikasema tu, "Hunywi maji."

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu anaona. Umekauka. Nataka ukae kwako, usikie kikohozi changu peke yangu. Kule siwezi kukuinua, nimejaribu, unajua. Binti hawezi kuhamia Migwani. Sasa nifanye nini?"

Niliona jicho la upande ule mzima linajaa maji. Nikafikiri atakataa, na kama angekataa singekuwa na mahali pa kwenda. Aliposema, hakuzungumza kuhusu nyumba kabisa. "Ungeniuliza," alisema, "ningekwambia uuze siku ile ya kwanza gari liliponileta hapa. Nilipoingia kwa lango hili nilisema moyoni, heri nyumba iende. Nikangoja uniulize. Wewe ukaja kila Jumapili na habari za mvua."

Mwaka mzima. Mimi napaka rangi na yeye anangoja.

"Mwite," akasema.

Mwanamke wa kinu akarudi pamoja na binti, akabaki amesimama. Mke wangu akamwambia, "Nimekubali iuzwe. Nimesema kwa mdomo wangu, binti yangu ameshuhudia. Sasa nikwambie nyumba yenyewe. Maji ya kisima yana chumvi, yanafaa kufulia tu. Chumba cha nyuma kinavuja kwa kona, huyu amekipaka rangi mara nyingi lakini kinavuja. Na jirani wa juu amesogeza ua akala ardhi yetu kidogo. Mume wangu anajua, alinyamaza kwa sababu wanakaa pamoja kanisani."

"Mama!" nikasema.

"Anayelala humo asilale kwa uongo."

Yule mwanamke akanitazama na macho ya mnunuzi wa ndengu. Nilimjua huyo. Sasa alikuwa na kitu cha kutukana. Akaanza: chumvi ile, kona ile, ua ule, na tangi lenye nyuki. Tulibishana pale pale kando ya kitanda, mimi nikipandisha, yeye akishusha, na mke wangu katikati akigeuza kichwa. Mara mbili alichukua upande wa mnunuzi. Tulimaliza chini ya ile bei niliyoona ni ya aibu, tukapeana mikono. Mke wangu akatoa mkono wake wa kushoto, akaweka juu ya mikono yetu. Njiani kurudi yule mwanamke aliimba wimbo wa kanisa.

Mambo ya wakili na hati yalichukua muda wake. Nilijenga Kasikeu nikisimamia mwenyewe, kutoka asubuhi mpaka jioni, nikigombana na mafundi. Choo nilikiweka ukutani mwa chumba chake, mlango mpana, hakuna ngazi. Siku tuliyomhamisha, mkwe alisimama mbali barabarani, akainua kofia. Mke wangu akainamisha kichwa. Hiyo ilikuwa kwaheri ya heshima, na ilikuwa mara ya kwanza nikaona mabega ya yule kijana yameshuka. Usiku huo alikula mezani kwake.

Ningependa kuandika kwamba sasa mke wangu ni mzima. Figo moja imelegea, ndivyo walivyotuambia. Tunakwenda kliniki mara kwa mara. Anakunywa, lakini nikimpa kikombe hunywa nusu, akaniuliza kama kuna mtu sebuleni, na sebule hatuna. Mwaka ule uliingia ndani yake ukakaa. Kama ningefungua mdomo kwa yule mwalimu wa kwanza, kama ningesema tu mahali alipo, pengine mambo yangekuwa mengine. Pengine hapana. Jirani mmoja huku alinijia na nyumba ya kuuza, watu wanaona na hawanunui, akaniomba shauri kwa vile mimi nimeuza. Nilimwuliza swali moja, mama wa boma amesema nini, akaangalia kando kama nilivyofanya mimi. Nikamwacha.

Kwa sasa ninacho hiki: kiploti kimoja Kasikeu, na hati ina majina mawili. Vyumba viwili vya matofali, bati jeupe. Vitanda viwili. Mizani moja ya sokoni ambayo sitauza. Mbuzi wanne na mmoja ana mimba. Kuku, sijui ni wangapi, wanalala kwa mti. Shamba kidogo Kyuso ambalo halijapandwa msimu huu. Redio. Koti moja zuri. Deni sina. Mke mmoja, yuko hapa, na mtu akiuliza nitamwonyesha.